Mkataba wa Sungura na Panya

Mhariri, katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji ni filamu gani ya katuni iliyofutwa ambayo wangependa ifufuliwe. Naamini wengi watawajibu kwa kuitaja ile ya Scooby-Doo ambayo Warner Bros. Discovery iliifuta Agosti 2022 ikiwa imekaribia kukamilika (muziki wake ulirekodiwa baada ya kufutwa, kwa kuwa ukumbi na wapigaji walikwishalipwa). Mimi nimeikumbuka filamu ya pili ya Roger Rabbit, yule sungura wa katuni, iliyopangwa na kupanguliwa Hollywood kwa takribani muongo mzima. Lakini kabla ya kusema kama ningependa ifufuliwe, nataka kwanza kujiuliza kama inafufulika.

Wanaoijua filamu ya kwanza, Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, ambamo watu na katuni wanaishi pamoja, watakumbuka Donald Duck wa Disney na Daffy Duck wa Warner wakishindana kwa piano jukwaani, na mpelelezi Eddie Valiant akiporomoka kutoka ghorofani huku panya Mickey Mouse wa Disney na sungura Bugs Bunny wa Warner wakielea pembeni yake na maparachuti yao. Valiant anaomba la akiba, naye Bugs anampa tairi la akiba. Kichekesho hicho hakikupatikana hivi hivi. Steven Spielberg, mtayarishaji mkuu, ndiye aliyezishawishi studio ziazimishe wahusika wao, na Warner ilikubali kwa sharti kwamba Bugs aonekane kwa muda sawa na Mickey, na Daffy sawa na Donald. Ndiyo maana wahusika hao huingia na kutoka wawili wawili, kama wasimamizi wa pande mbili za ndoa.

Sisi tuliiona Tanga kwa deki ya baba mkubwa, miaka ile Tanzania Bara haijapata kituo chake cha televisheni na seti nyingi zilikuwa za kuonyeshea kanda tu. Kanda yenyewe ililetwa na baharia kutoka Dubai, ikiwa imevunjwa kile kijimeno cha plastiki cha ubavuni ili mtu asije akarekodi juu yake. Siku shangazi yetu alipoolewa, watoto tulifukuzwa mbele ya seti zikiwa zimebaki dakika chache filamu iishe. Baadaye mpiga video akaishiwa kanda, na mtu mmoja, ambaye hadi leo hakuna aliyemtaja, akaichukua ile ya sungura, akaziba tundu la kijimeno kwa selotepu na kumpelekea. Kuanzia siku hiyo filamu yetu ilikuwa ikienda vizuri hadi Jaji Doom, yule adui wa katuni, anaponasa kwenye gundi, rola la kushindilia barabara linamjia taratibu, anapiga ukelele, halafu ghafla wanatokea akina mama waliovaa sare za kanga wakimtuza mwimbaji wa taarabu, mama yangu akiwa miongoni mwao, noti mkononi. Binamu yangu alishikilia kwamba jaji alikufa kama anavyokufa binadamu yeyote aliyepitiwa na rola. Mimi nilishikilia kwamba jaji mwenyewe alikuwa katuni, kwa sababu nilikuwa nimemkazia macho na sikumwona akipepesa hata mara moja. Tulibishana shuleni, tukabishana ufukweni, na wakubwa walipochoka na makelele yetu, baba mkubwa aliamua kwamba jaji amekwenda harusini. Nilipoiona filamu nzima ukubwani, jaji akainuka kutoka chini ya rola akiwa bapa kama karatasi, nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi, ila sikuhisi ule utamu wa ubishi.

Kwa sababu hiyo nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kusema filamu ya pili iachwe ilipo. Hati yake ya kwanza, iliyoandikwa na Nat Mauldin, iliirudisha hadithi nyuma hadi Vita Kuu ya Pili, Roger akimtafuta mama yake, na mwishoni ikabainika kwamba baba yake ni Bugs Bunny. Spielberg, baada ya kutengeneza Schindler's List, filamu ya mauaji ya Wayahudi, mwaka 1993, hakutaka tena kuwafanyia Manazi mzaha. Hati ikaandikwa upya, Alan Menken akatunga nyimbo, majaribio ya kuchanganya michoro na kompyuta yakafanyika mwaka 1998, gharama ikakadiriwa kupita dola milioni 100, na Michael Eisner, mkuu wa Disney wakati huo, akaufunga mradi. Husemwa kwamba sababu ni fedha. Ni kweli, lakini filamu ya kwanza iligharimu takribani dola milioni 50 na kuingiza zaidi ya milioni 300, na mfanyabiashara mwenye hesabu hizo mkononi huthubutu tena. Tatizo kubwa zaidi naliona katika umiliki: Roger alikuwa wa Disney na wa kampuni ya Spielberg, Amblin, kwa pamoja, na wakubwa hao wawili walikuwa hawaelewani tena. Hata filamu fupi za sungura huyo ziliishia ya tatu, mwaka 1993.

Sasa wengi waliokuwa nguzo za kazi ile wameondoka: Mel Blanc aliyempa Bugs sauti, Bob Hoskins aliyekuwa Valiant, Richard Williams aliyeongoza uchoraji. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kulegea. Mickey wa mwaka 1928 hafungwi tena na hakimiliki nchini Marekani tangu 2024, na baharia wa katuni Popeye wa 1929 tangu 2025, kwa hiyo kwa sura zile kongwe kabisa hakuna tena wa kubembelezwa. Bugs atafuata 2036, ingawa Roger mwenyewe bado sana.

Basi jibu langu, kwa shingo upande, ni kwamba ningependa ifufuliwe, mradi ichorwe kwa mkono, nyimbo za Menken zitumike, na Bugs abaki kuwa baba, maana hilo hakuna studio ingelithubutu leo. Popeye, aliyekosekana mara ya kwanza, aalikwe safari hii. Masharti haya yakipuuzwa nitalalamika kwenu kwa barua ndefu kuliko hii, baada ya kulipa kiingilio.