Uliza Ujibiwe: Tanka la mafuta usiku, mbona halionekani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naendesha Noah ya abiria Mwanza–Geita, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 tunapita hata usiku maana hatusubiri tena kivuko. Kinachonitisha ni matanka. Juzi mbele ya Usagara moja lilikuwa limeharibika, limeziba nusu ya lami, nyuma giza tupu, wameweka matawi tu barabarani, nimeliona nikiwa nimeshafika. Hivi hakuna namna haya magari yakaonekana toka mbali? Na zile namba kwenye kibao cha rangi ya chungwa ni za nini?
Dereva, Misungwi

JIBU: Pole sana kaka. Ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, yaani ule muda wa kustuka tu kabla mguu haujagusa breki umeshasogea hivo, kwaiyo tanka lazima lionekane lenyewe hata likiwa limezimika, maana betri ikifa na taa zote zimekufa.

Dawa yake ni stika za reflekta, zile zinazorudisha mwanga wa taa zako kwako mwenyewe. Sasa wengi wanabandika vipande viwili vitatu kwenye bampa basi, usiku wewe unaona vidoti vyekundu hujui ni bodaboda au ni semi. Stika inatakiwa ifuate umbo la gari, nyuma izunguke pembe zote na ubavuni iende urefu mzima wa tela, nyeupe au njano pembeni, nyekundu au njano nyuma, ndo dereva anajua hapa kuna kitu kikubwa na kimeishia wapi. Marekani waliyalazimisha matela mapya kuwekewa tangu Desemba 1993, na utafiti wao wa 2001 ukakuta ajali za kugonga tela nyuma au ubavuni gizani zilipungua kwa 29%.

Na gari likiharibika, zile pembetatu nyekundu ziwekwe mbali nyuma, siyo hatua tano kutoka kwenye bampa. Jamani kwa tanka msiwashe kopo la mafuta ya taa wala tairi kama alama! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka unaukuta moto.

Kuhusu kibao: namba ya juu ni hatari, ya chini ni mzigo wenyewe. 33 juu na 1203 chini ni petroli, 30 na 1202 ni dizeli. Ukikuta 66 na 1689 hiyo ni sodiamu sayanaidi, inayotumika migodini kuchenjulia dhahabu, ni sumu kali na ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua, ikisombwa na mvua mpaka ziwani inaua samaki. Kwaiyo lori likipinduka usilisogelee, zisome zile namba kwa mbali uwatajie Zimamoto kwa 114, wajue wanakuja kupambana na nini kabla hawajatoka kituoni. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 watu walikimbilia tanka lililopinduka kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Inaniuma mpaka leo, ndo maana nasema hizi namba zifundishwe hata shuleni.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina tanka langu moja, nimelifunga taa za LED kibao, za bluu na kijani, linawaka kama harusi. Si inatosha?
Mama Tanka, Igoma

JIBU: Marahaba mama. Hapana, haitoshi, na hizo za bluu na kijani naomba uzitoe kabisa. Anayekuja nyuma anatakiwa aone nyekundu ajue huu ni mgongo wa gari, rangi zikichanganyika anashindwa kujua unaenda au unakuja. Hela hiyo nunua stika nzuri, siyo zile za bei ya chee zinazobanduka baada ya masika moja, na kabla ya kubandika safisha bati vizuri maana kwenye vumbi na grisi haishiki. Afu mwambie utingo kila mnapopaki achukue maji na kitambaa afute stika na vibao, kwa sababu tope likikauka juu ya reflekta ni sawa na hujaweka kitu.