Kidonda cha moto chenye madoa meusi

Dada yangu wa Likoni, umeuliza kwa nini kidonda cha mumeo, aliyeungua mtungi wa gesi ulipolipuka wiki tatu zilizopita, kimeingia madoa meusi na homa haishuki ilhali anadungwa antibayotiki kila siku. Pole sana. Muulize daktari leo hii, usingoje kesho, kuhusu kuvu (fangasi), kwa sababu maambukizi hayo aghalabu hujitokeza kuanzia wiki ya pili, baada ya antibayotiki kupunguza bakteria na kuachia nafasi aina za kuvu kama kandida, aspergilasi au kuvu wa jamii ya mukori, ambao hupenya mishipa ya damu na kuifisha nyama kwa haraka. Kupangusa kidonda juu juu ili kupata sampuli ya kupima hakutoshi. Yafaa kikatwe kipande cha nyama, kichunguzwe kwa darubini na kuoteshwa maabara. Ikithibitika kuwa ni kuvu, dawa ya kuua kuvu kama amfoterisini, ambayo hulazimu figo zipimwe mara kwa mara, haitoshi bila nyama iliyokufa kuondolewa kwa upasuaji. Umetaja kwamba ana kisukari: wakumbushe wahudumu, kwani sukari ikipanda hatari huongezeka. Na yale majani yaliyotwangwa anayoleta shangazi yake, tafadhali, yasiguse kidonda hicho kabisa.