Kutembelea magongo ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nilivunjika paja, nikawekewa chuma. Huu mwezi wa tatu natembelea magongo. Mwenzangu wa jumuiya anasema ningekuwa na imani ningeshayatupa. Je, Mungu ameniacha?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Hajakuacha, na magongo usiyatupe. Mfalme Hezekia alipougua akamlilia Mungu, aliongezewa miaka 15. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake (2 Wafalme 20). Na yule kipofu wa Bethsaida aliguswa na Yesu mara mbili: kwanza aliona watu kama miti inayotembea (Marko 8). Hakukemewa kwa kupona nusu. Mwenzako asome hapo.

Paja la mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, pengine zaidi. Kichwa cha gongo kiwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Ukiegemea kwapani mishipa ya fahamu hubanwa, mkono ukafa ganzi. Mipira ya chini ikilika, badilisha. Sakafu yenye maji haina huruma. Kaza msuli wa paja, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Badala ya kuhesabu waweza kusema Zaburi 103:3 polepole, urefu wake unatosha. Kiasi cha kuukanyagia mguu aseme daktari, baada ya picha.

Shavu la mguu likivimba, likauma na kupata joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda damu imeganda. Ukibanwa pumzi ghafla, usingoje hata maombi yaishe.