Tundu chini ya kihori

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji ni kipi kinachowalinda zaidi kuku wa nyuma ya nyumba: wavu, mbwa au mtego. Swali hilo limenikera kidogo, kwa sababu linamchukulia adui kuwa mgeni anayekuja bila kualikwa, ilhali wengi wao tunawaalika wenyewe. Mimi ningeuliza kwanza: chakula cha kuku wako kinalala wapi usiku?

Nilikuwa na kuku 11 na banda la mbao ambalo nililijengea kwa mikono yangu kuta imara na mlango wenye komeo. Gunia la chakula nililiweka humo humo ndani, maana nilichoka kulibeba kila asubuhi, na kihori sikukiondoa jioni hata kilipokuwa na mabaki. Vinyesi vya panya niliviona, nikavifagia. Nilijiambia kwamba panya hawezi kumuua kuku mkubwa.

Asubuhi moja nilifungua mlango na hakuna kuku aliyetoka. Saba walikuwa wamelala kwenye matandazo wakiwa na majeraha ya shingoni, wengi wao hawakuliwa hata kidogo, na wa nane hakuonekana kabisa. Watatu waliosalia walikuwa wamejibana juu ya kichanja, hawataki kushuka. Kuku haoni vizuri gizani. Mwenzake akikamatwa yeye hubaki pale pale akisubiri zamu yake, na mnyama wa jamii ya kicheche akishaingia huua kupita njaa yake. Hayo nimeyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua jambo moja tu, kwamba jirani ana mbwa, nami nilikwenda mlangoni kwake nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Yule mama, ambaye kwa umri ni kama shangazi yangu, hakubishana nami. Alikuja bandani, akatazama komeo ambalo lilikuwa bado limefungwa, akasogeza kihori kwa mguu, kisha akachukua mpini wa ufagio na kuuchomeka ardhini. Mpini uliingia bila kizuizi, na ncha yake ikatokea nje ya ukuta. Panya walikuwa wamechimba njia wakifuata chakula kilichomwagika, na aliyekuja nyuma yao aliipanua tu. “Mbwa wangu mimi anapita hapa?” aliniuliza, akanirudishia ufagio.

Tangu siku hiyo chakula hukaa ndani ya pipa la bati lenye kifuniko kinachobana, lililoinuliwa juu ya matofali ili unyevu usilifikie, kwa sababu chakula kilichoota ukungu kinaweza kuwa sumu kwa kuku. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Ninapima kiasi hicho, na jua likizama ninaondoa kihori. Sumu ya panya siitumii, kwani kuku huweza kumdonoa panya aliyekufa kwa sumu hiyo na kudhurika naye.

Nilikusudia kuishia hapo, nikiwa nimewathibitishia kwamba kifuniko cha pipa ni bora kuliko wavu. Lakini nikikumbuka vizuri, miezi kadhaa baada ya panya kupungua nilikuta udongo umefukuliwa kandokando ya ukuta wa banda, na aliyefukua hakufuata chakula, kwa kuwa hakikuwapo, alifuata kuku. Alikwama kwenye wavu wa waya mgumu wenye matundu ya milimita 12, ambao nilikuwa nimeufukia na kuutandaza kuelekea nje kiasi cha sentimita 30, karibu kwa shingo upande, kwa sababu yule mama alisisitiza.

Kwa hiyo, ingawa kwa moyo mzito, ninapigia kura wavu. Simaanishi ule wavu laini wa kuku wenye matundu makubwa, ambao kazi yake ni kumzuia kuku asitoke na si kumzuia mwingine asiingie. Wala sidhani kwamba hata ule mgumu ungedumu bila kukaguliwa, iwapo gunia lingerudi ndani ya banda. Kuhusu mtego sina uzoefu. Kuhusu mbwa sina haki ya kutoa maoni, kwani yule wa jirani hadi leo hunibwekea mimi peke yangu.