Jibu kwa anayetaka kuchoma sindano ya maumivu ya mgongo ili apande milima ya Udzungwa Jumatatu

Usichome hiyo sindano. Nimesoma ulichoandika nikashindwa kulala, kwa hiyo salamu tutapeana siku nyingine.

Umesema uliteleza na dumu la maji begani, kiuno kikakamata, na sasa maumivu yanashuka kutoka takoni mpaka kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto. Kambi inapanda tena Jumatatu kufyeka mpaka wa msitu. Muuza dawa wa hapo mjini amekuahidi sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, alfajiri, ufunge mkanda, upande na wenzako. Umeuliza mkanda upi ni mzuri, uvae viatu gani, ulale vipi kwenye hema, na kama umwambie msimamizi au unyamaze. Mdogo wangu, katika yote hayo hukuuliza kama sindano yenyewe ni salama. Umeichukulia kuwa ndiyo suluhisho na mengine ndiyo maswali.

Mimi nimefyeka mipaka na kubeba mizigo ya kambi kwenye milima hiyo hiyo. Niliumia hivyo hivyo, nikaambiwa maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno. Nikachoma. Mguu wangu wa kulia haujarudi kuwa ulivyokuwa.

Siku ile tulikuwa tunahamisha kambi. Wasiopajua wataona ni jambo dogo, ila Udzungwa inaanzia huku chini bonde la Kilombero, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vyake vinapita mita 2,500, na katikati hapo ni msitu mtupu. Watalii wanaokwenda kuona maporomoko ya Sanje wamechongewa njia. Mstari wa mpaka haujachongewa kitu. Unafuata bikoni, zile nguzo za alama ya mpaka, na bikoni haijali kama mbele kuna korongo. Juu majani makavu, chini udongo unaoteleza, kati yake mizizi usiyoiona mpaka umeikanyaga. Nilikuwa na turubai lililolowa mvua ya usiku, na turubai likilowa uzito unaongezeka sana, na juu yake tumefunga sufuria za mpishi.

Nilikuwa nimechomwa kabla hatujaondoka. Haikupita muda mrefu maumivu yakaisha kabisa, na nataka uelewe kwamba hapo ndipo hatari ilipoanzia. Nilijiona nimepona. Nilipita wenzangu njiani. Kabla ya sindano, kila nilipotaka kuinama vibaya mgongo ulinikataza, misuli ilikaza yenyewe na mimi nikasita. Baada ya sindano hakuna kilichonikataza. Tulipofika kwenye kijito nilisimama juu ya jiwe, nikageuza kiuno huku miguu imebaki mbele, nikautua mzigo upande wa nyuma yangu ili mwenzangu aupokee. Ni tendo la kawaida, sote tunalifanya kila siku. Nikasikia kitu kimeachia ndani, bila maumivu makali. Nikavuka, nikapanda kidogo, nikaona ncha ya gambuti inakwaruza chini kila hatua. Wayo haukuinuka. Nikakaa, nikauamuru mguu uinue kidole gumba. Kidole kikabaki kimelala.

Maumivu yalikuja jioni dawa ilipoisha nguvu. Sitayaeleza. Wenzangu walikata miti miwili, wakafunga blanketi wakapata machela, wakanishusha gizani kwa zamu, na mmoja wao aliumia goti kwa ajili yangu. Kisha barabara ya vumbi mpaka Ifakara, kila shimo nalihisi mpaka kwenye kisigino. Baadaye Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI. Pikipiki niliyokuwa nategemea iwe kazi yangu ya uzeeni iliuzwa, shamba la mpunga likakodishwa, na mke wangu akawa ndiye baba na mama wa nyumba kwa msimu mzima na zaidi.

Daktari alinieleza kwa picha ukutani. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, ambayo ni kama mto wenye ganda gumu nje na ute ndani. Ganda likichanika, ute unatokeza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, ndiyo maana mtu ameumia kiuno lakini analia kigimbi. Mara nyingi hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa za kiuno kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo wote na kuinama kwingi. Jambo lililoniuma kuliko kipimo chenyewe ni aliponiambia kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, wakiacha kubeba na wakiendelea kutembea taratibu. Jeraha langu la kwanza, lile la kuteleza, huenda lingepona lenyewe nyumbani. La pili ndilo lililoua nguvu za wayo.

Diklofenaki inapunguza uvimbe na maumivu. Hairudishi diski mahali pake, haishoni ganda, haiongezi nguvu hata chembe. Sisemi ni sumu. Daktari akikuandikia ili uweze kulala, kujigeuza kitandani, kutembea mpaka barabarani na kurudi, meza. Kanuni yangu nimeilipia kwa mguu, nitairudia kwenye kila uzi mpaka mnichoke: dawa ya maumivu ni ya kutembelea na kulalia, si ya kubebea mzigo. Ukiwa umeimeza au umechomwa, siku hiyo hubebi. Ukihitaji dawa ili uweze kubeba, basi hubebi hata kidogo.

Nije kwa hawa walionishauri, maana naona wa kwako wametoka tumbo moja na wangu. Yule muuza dawa hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza kama mguu una ganzi. Hakuuliza kama nina vidonda vya tumbo, na dawa hii inaweza kuvifanya vitoke damu. Hakuuliza figo zangu zikoje wala kama nitashinda juani natoka jasho na chupa moja ya maji, wakati mtu aliyekaukiwa maji akitumia dawa za jamii hii anaziweka figo zake hatarini. Alinichoma nikiwa nimesimama, nimeegemea kaunta. Sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipo, inaweza kuujeruhi mshipa ule ule mkubwa wa fahamu unaokusumbua sasa. Ana duka, ana koti jeupe, watu wanamwita daktari, na hakuna aliyemwita aeleze nilipoletwa kwenye machela.

Na msimamizi? Aliniambia, "Wanaume tunafunga mkanda tunakwenda." Yeye alikuwa amebeba daftari na simu. Alijua mkandarasi anadaiwa kilomita za mpaka zilizofyekwa kabla ya masika, basi. Nilipoumia alisema niliumia nyumbani, nikaja kazini nikiwa mbovu. Sikuwa na karatasi ya kumjibu, kwa sababu siku ya kwanza nilipoteleza nilinyamaza nisipoteze kibarua.

Kwa hiyo lile swali lako la kumwambia au kunyamaza: mwambie leo, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Andika tarehe, mahali, ulikuwa umebeba nini, nani alikuwepo. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa waajiriwa wa serikali na wa sekta binafsi wanaoumia kazini, na madai yanaanza na taarifa ya ajali kwa mwajiri. Ukinyamaza, huna ajali. Una kiuno kinachouma tu, na viuno vinavyouma viko mtaa mzima.

Mkanda. Najua mtaniandama hapa maana wengi mnauamini. Mkanda unakusaidia kukumbuka usiiname, na kwa muda mfupi unatuliza. Haupunguzi kilo za mzigo. Aliyefunga mkanda akajiona ana chuma kiunoni anafanya kosa la sindano kwa njia nyingine. Mnaotaka kusema naongea kwa woga wa uzee, karibuni tupande wote njia ya kilele cha Mwanihana, nitawasubiri juu na chai.

Sasa kama baada ya kupimwa utaruhusiwa kurudi msituni, kuna mambo niliyojifunza kwa mtaalamu wa viungo na mengine kwa kuhangaika. La kwanza hakuna aliyewahi kuniambia kambini: usiiname wala kuinua kitu kizito katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku ukiwa umelala diski zinanyonya maji na kuvimba kidogo, hivyo alfajiri zinabanwa zaidi ukiinama. Na kambi zetu zinafanya nini alfajiri? Zinang'oa hema, zinafunga mizigo, zinapandisha madumu. Kazi nzito zaidi tumeiweka kwenye saa mbaya kuliko zote. Omba kazi ya kuwasha moto, tembea tembea, wengine waanze kufunga.

Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, na maji hayatulii, yanakuvuta kila unapokanyaga. Chukua madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, nenda mara nyingi. Utachekwa. Waache wacheke. Mzigo wa bega moja unakupinda upande, usiubebe tena maishani. Ukiweka ngata ukabeba kichwani kwenye tambarare shingo imenyooka, si vibaya kwa mgongo usio na jeraha, lakini kwenye mteremko wenye mizizi huoni miguu yako, na kujikwaa ndiko kulikokuleta hapa.

Fyekeo nalo liache. Watu wanadhani ni jepesi kwa sababu halina uzito mkononi, kumbe linazungushwa kwa kiuno, kushoto kulia, kushoto kulia, kutwa nzima, ukiwa umeinama. Hakuna namna bora ya kuchosha diski iliyochanika. Tumia panga, piga goti moja chini pale panaporuhusu, badilisha mkono, na sogeza miguu yote miwili unapogeuka badala ya kuzungusha kiuno. Mteremkoni kata mkongojo, shuka kwa ubavu, hatua fupi. Kila ukipumzika usikae umejikunja juu ya gogo, simama au ulale kifudifudi uinuke kidogo kwa viwiko. Maumivu yakirudi kutoka kigimbini kupanda kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno kinauma. Yakishuka kwenda chini zaidi, acha hilo zoezi.

Kitu kingine ambacho kila mtu anakosea, na mimi nilishauriwa hivyo pia: kulala wiki nzima juu ya ubao. Siku moja au mbili ukishindwa kabisa kusimama, sawa. Zaidi ya hapo misuli inalegea na mgongo unazidi kukakamaa. Tembea ndani ya uwezo wako, bila mzigo. Hata mzee wa kukandamiza kwa kisigino mgongoni usimwendee, tafadhali, sina nguvu ya kuanza hadithi hiyo usiku huu.

Kuna dalili ambazo hazisubiri Jumatatu wala ruhusa ya mtu. Ukishindwa kukojoa au ukijikojolea bila kujua, haja kubwa ikikutoka, ganzi ikiingia sehemu za siri na katikati ya mapaja pale unapokalia tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikipoteza nguvu, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Mishipa ya chini yote imebanwa kwa pamoja na inahitaji upasuaji wa haraka. Ikitokea msituni, kambi nzima iache kazi ikushushe usiku huo huo.

Viatu sina cha kukuambia zaidi ya kwamba gambuti lenye soli iliyolika ni adui. Hema wengine watakujibu.

Nataka ufanye kitu kimoja sasa hivi kabla hujafunga simu. Vua viatu, shika ukuta, simama kwa visigino tu, vidole vyote juu, tembea hatua chache. Halafu simama kwa vidole, mguu mmoja mmoja. Kisha kaa, inua kidole gumba cha mguu wa kushoto huku mtu amekibonyeza kwa kidole chake, linganisha na cha kulia. Kama wa kushoto ni dhaifu, kesho asubuhi panda gari uende hospitali ya Mtakatifu Fransis pale Ifakara, usipitie dukani kwa yule bwana. Ukimaliza andika hapa umeonaje, niko macho.