Mnaoanza klemu za malori, nendeni na futi kamba

Wadogo zangu mliopokelewa mwezi huu kwenye dawati la klemu, yaani madai ya bima, karibuni Dodoma, vumbi mtalizoea. Bosi kaniambia niwaelekeze kidogo kuhusu ajali za semi, yale malori ya kichwa na tela, zikikata kona. Mi sio wakili, nina miaka kumi na moja ya kukimbilia ajali kuanzia Gairo mpaka Manyoni, na nilianza kwa kuharibu, kwa hiyo ngoja nianzie hapo.

Ilikuwa Kizota, saa mbili asubuhi hivi, semi imetoka Kibaigwa na mahindi inaingia geti la ghala upande wa kushoto. Geti lenyewe jembamba, dereva akafanya wanachofanya wote, akaitanua kwanza kulia ili apate kona, afu ndo akarudi kushoto. Ule uwazi uliobaki kushoto bodaboda akauona ni njia, akazama humo na abiria mgongoni. Kichwa kikapita, tairi za nyuma za tela zikamkuta. Abiria alirukia mtaroni akatoka na michubuko, kijana wa boda mguu ukavunjika sehemu mbili. Nimefika nakuta watu washagawanyika, hawa wanamlaani dereva, wale wanasema boda kajitakia, nikapiga picha mbili za kichwa cha gari, nikaandika jina la dereva, nikaondoka zangu najiona nimemaliza kazi.

Siku tatu baadaye dereva kafikishwa mahakamani kwa kuendesha bila uangalifu. Mzigo mwingine unamsubiri Singida, tajiri mwenye gari anapiga simu kila nusu saa, jamaa akaona kubisha ni kupoteza siku, akakiri kosa, akalipa faini, jioni yuko barabarani. Hakuna aliyenipigia, na hata angenipigia, kwa akili yangu ya kipindi kile ningemwambia lipa yaishe.

Hapa mtulie kidogo. Kesi ya trafiki ni moja, madai ya fidia ni mengine, ila ya kwanza inaifunga ya pili mikono. Sheria ya Ushahidi ina kifungu kwamba mtu akishatiwa hatiani kwenye jinai na muda wa rufaa ukapita, ile hukumu inachukuliwa ni uthibitisho wa mwisho kwamba kosa alilitenda. Wakili wa kijana wa boda hakuhangaika na mashahidi, alikuja na nakala ya hukumu. Na tajiri hakuwa na pa kutokea, maana dereva ni mwajiriwa wake, yuko kwenye kazi yake, uzembe wake unapanda juu mpaka kwa mwajiri. Kinyume chake nacho kipo, dereva akiachiwa kwenye jinai msikimbilie kufunga faili, jinai inataka ithibitishwe pasipo shaka, huku kwenye madai wanaangalia tu mzani umeelemea wapi, na muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3, kwa hiyo samansi inaweza kukukuta ushasahau hata rangi ya gari.

Tulichobaki nacho ilikuwa mgawanyo wa lawama tu. Dereva kukutwa na hatia hakumaanishi kabeba yote, mahakama inaangalia pia aliyeumia kachangia kiasi gani na inapunguza fidia kwa kiasi hicho. Kesi nyingi sana za kona zinapiganiwa hapo kwenye asilimia. Asilimia sasa unaziombaje kwa mdomo? Boda aliingia kabla semi haijaanza kurudi kushoto au baada? Alikuwa usawa wa mlango wa utingo au nyuma kabisa kwenye tairi za tela? Kile kichanga cha Kizota kilikuwa kimeandika majibu yote, mstari wa tairi za nyuma ulivyoacha lami na kukatiza pembeni, vigae vya taa ya pikipiki vimemwagika palepale alipogongwa na sio pikipiki ilipoburuzwa mpaka ikasimama. Nilirudi wiki ya pili na futi kamba yangu mpya, nikakuta maguta na mikokoteni ya punda imeshapita pale mara elfu. Tulilipa karibu yote.

Na mkitaka kuelewa kwa nini tairi za nyuma, angalieni huo huo mkokoteni wa punda ukikata kona ya nyumba uswahilini. Punda kapita vizuri, gurudumu linakwaruza ukuta. Tairi za nyuma hazifuati njia ya kichwa, zinakata kwa ndani, na kadiri gari linavyokuwa refu ndo zinavyokata zaidi. Dereva anayekata kushoto bila kutanua atapanda kingo au atang'oa nguzo ya geti, kwa hiyo kutanua peke yake sio kosa, msije mkaandika kwenye ripoti kwamba kosa la dereva ni kutanua, nimeona hiyo mara nyingi inaudhi. Swali ni kwamba alipofungua ule uwazi aliulinda vipi. Alipunguza? Aliangalia saiti mira mara ya pili kabla ya kurudi? Utingo alishuka kusimamisha watu au alikuwa kalala? Yule wa Kizota alikuwa amelala, na utingo naye ni mtu wa tajiri, usingizi wake unaingia bili ileile.

Kuhusu indiketa, kila dereva duniani atakwambia niliwasha indiketa. Sawa, lakini indiketa inasema nataka kugeuka, haisemi nipisheni. Na semi iliyotanua kulia huku inaonyesha kushoto, mtu wa nyuma anaona vitu viwili vinavyogombana. Boda naye kuipita gari kushoto wakati inaonyesha inakwenda kushoto, hiyo ni sehemu yake ya kubeba, ila uwe na shahidi wa indiketa asiyekula mshahara kwa tajiri. Muuza maji ya kandoro pale getini anafaa kuliko utingo.

Kona za kulia ni habari nyingine, na za usiku ndo zinaua. Semi inatoka lami inaingia paking ng'ambo, tuseme upande wa Chamwino au Nala, inakatiza njia ya wanaokuja. Chukua kalamu. Semi ya mita kama 17, ongeza upana wa upande inaoukatiza na kamwendo ka kuanzia, unafika mita 24 hivi. Ikiwa na mzigo kwenye kona inatembea labda kilomita 8 kwa saa, yaani mita mbili na kidogo kwa sekunde, hiyo ni sekunde kama 11 mpaka mkia utoke njiani. Gari ndogo kwenye 80 ndani ya sekunde 11 imekula mita 240 na kitu. Kwa hiyo dereva anayekwambia "nilivyoanza kukata hakukuwa na gari" anaweza kuwa hasemi uongo, na bado ana kosa, maana anayekatiza ndo mwenye wajibu wa kuhakikisha atamaliza. Ubavu wa tela gizani ni ukuta mweusi, taa za mbele zimeshaangalia kwingine, kaangalieni reflekta za ubavuni kama zipo au zimefunikwa na tope. Halafu pima mburuzo wa breki wa gari ndogo, kama ni maeneo ya makazi mwisho ni 50 na mburuzo ukionyesha alikuja mbio, mgawanyo wako huo hapo.

Makaratasi mtayajua wenyewe mkishika mafaili, fomu za polisi PF90 na PF93, PF115 ya ukaguzi wa gari, mchoro wa ajali, na PF3 ya majeruhi. Mchoro tu ndo niwaambie, usikubali kupewa nakala ukaenda nayo bila kusoma, soma ukiwa umesimama palepale barabarani na kama vipimo vimepishana na vyako mwambie mpelelezi kwa heshima sikuhiyohiyo. Baada ya mwezi hakusikilizi mtu.

Kitu kingine ni kuyamaliza kienyeji. Tajiri anamtumia mama wa majeruhi laki tano na kumwandikia karatasi kwamba gari letu lina makosa, tusameheane. Bima nyingi zina sharti kwamba usikiri wala kuahidi kulipa bila wao kujua, ile karatasi inaweza kumnyima tajiri haki yake ya kulipiwa na bima. Ila jamani kumkimbiza majeruhi hospitali na kumnunulia dawa huko sio kukiri, msije mkawatisha wateja mpaka mtu akaachwa anatoka damu. Nimeshasikia mfanyakazi wa klemu akimwambia dereva asimguse, nilitamani nimchape.

Na bima ndogo, ile ya third party, inalipa waliogongwa, haitengenezi lori la tajiri, waambieni mapema kabla hawajaanza kutuma picha za bampa.

La mwisho ni la tela. Kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, kadi mbili, bima mbili, na mara nyingine majina mawili kwenye kadi kwa sababu tela ni la kukodi au liliuzwa bila kubadilisha umiliki. Kichwa unakuta kina bima safi mpaka mwakani, tela liliisha mwezi uliopita, na kwenye kona kinachogonga karibu kila mara ni tela. Leo asubuhi mwenzenu mmoja yuko kwenye ajali hapo Nala kanitumia picha saba za kichwa kwa WhatsApp. Nimemjibu azunguke nyuma.