Re: Desktop ya ofisi ya nyumbani, niongeze RAM au ninunue nyingine?
Mkuu, hiyo desktop yako yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4 na RAM (memori ya kufanyia kazi) 4GB usiitupe. Weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA, yaani inayochomekwa kwenye waya wa diski wa kawaida, afu ongeza RAM ifike 8GB, ila iwe aina ya DDR3 maana DDR4, aina mpya zaidi, haiingii kwenye hiyo bodi, hapo Excel na brauza zitafunguka fasta kwa sababu kinachokuchelewesha zaidi ni HDD (diski ya zamani inayozunguka) wala sio prosesa. Prosesa usiiguse kabisa, utapoteza hela. Na vumbi letu hili la Dodoma, ifungue uipulize kwanza, feni ikiziba mashine inachemka inajipunguza spidi yenyewe. Shida Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 sapoti ya kawaida iliisha Oktoba 2025, yaani haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, kwa hiyo kama unafanyia mambo ya benki weka Linux Mint (mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows) au anza kudunduliza ya nyingine.